Mswala wa Khatumbi

Huwezi kuficha kitu katika kavandi. Hapa kwetu ukianika kavandi yako uani, umeanika maisha yako. Ni blanketi la viraka, na viraka vyenyewe havinunuliwi dukani, vinatoka kwenye nguo zilizovaliwa mpaka zikachoka. Kile cha bluu ni sari ya harusi ya fulani. Kile cha mistari ni saruni ya mumewe. Kile chenye vipepeo ni gauni la mtoto aliyesoma mwaka mmoja, kisha akaona ng'ombe wana akili kuliko mwalimu. Mwanamke akipita njiani na mzigo wa kuni kichwani, anatupa jicho moja tu na kujua ni kavandi ya nani, nani kaishona, na kama siku hiyo alikuwa na hasira.

Za Dumgi zilijulikana kwa uzito. Wenzake walikata viraka vipana ili kazi iishe upesi. Yeye alipenda vidogo vidogo, hata kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto hakukitupa. Viraka vingi ni mishono mingi, na mishono mingi ni vidole vya kutoka damu, maana kila viraka viwili vinapokutana nguo inajikunja na kuwa nene, na sindano inagoma. Dumgi hakujali. Alikaa chini barazani, miguu ameinyoosha, tambuu shavuni, akapiga bandi zake fupi fupi zilizonyooka. Wenye maneno walisema kavandi ya Dumgi inahitaji wanaume wawili kuifua kijitoni. "Na mmoja wa kulala chini yake bila kupiga chafya," alikuwa akiwajibu. Msimu wa mvua wingu linapoingia ndani kupitia vigae kama mgeni asiyebisha hodi, hao hao wenye maneno ndio waliokuja kuazima.

Alikuja kijijini kama bibi harusi wa Bastav, akapalilia mpunga wa watu, akabeba kuni za watu, akazaa watoto watatu. Wavulana wawili walikwenda Goa kujenga nyumba ambazo wao hawatalala ndani yake. Wa tatu alikuwa Karmin, aliyeolewa na Lorens, dereva wa lori la magogo, upande wa mji wa Haliyal. Bastav alifariki mwaka juzi baada ya mavuno. Dumgi akabaki na nyumba, jogoo mmoja mkorofi, na sindano.

Na sindano yenyewe haikuwa ile yake. Ile aliyopewa na mama yake siku ya harusi, nene, tundu limepinda kidogo upande mmoja, ilipotea. Aliitafuta mpaka kwenye majivu ya jikoni. Ilipotea siku ile mbaya, na siku ile watu walikuwa na mambo makubwa kuliko sindano.

Karmin alikuja msimu wa mabibo, jua likiwa kali na udongo umepasuka. Alishuka kwenye basi kule njia panda, tumbo mbele, Lorens nyuma na begi. Ndivyo ilivyo desturi, binti huja kujifungulia kwa mama yake. Dumgi alitoka na bilauri ya maji, lakini Karmin hakuipokea.

"Mama, kabla sijanywa chochote. Nisikuone na sindano."

"Ingia ndani kwanza, mwanangu. Jua hili litakuua."

"Sitaki kavandi ya mtoto humu ndani. Mpaka azaliwe, na nimsikie analia. Ukishona, narudi kwa mama mkwe siku hiyo hiyo, hata kwa miguu. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Mimi ni mzee tu, si kiziwi."

Lorens alijifanya anamwangalia jogoo. Karmin akapokea maji, akanywa yote bila kupumua.

Dumgi alijua kinachomsumbua mwanawe, kwa sababu na yeye kilimkaa kifuani vile vile. Mimba ya kwanza ya Karmin, miaka kadhaa nyuma, Dumgi alishona mapema. Furaha ilimzidi. Alianza hata kabla tumbo halijaonekana, akitia kila nguo laini ya nyumba ile, na alipofika mwisho pakabaki maua tu. Kavandi hushonwa kuanzia ukingoni, unazunguka na kuzunguka ukielekea ndani, na kiraka cha mwisho kinakaa katikati, panapoitwa tumbo. Chini ya kiraka hicho unatia punje za mchele, tumbo lisilale na njaa. Halafu yanakuja maua: vitambaa vya mraba vilivyokunjwa na kukunjwa tena, moja kila pembe. Hayaongezi joto, hayazuii nguo kufumuka. Lakini kavandi isiyo na maua tunasema iko uchi, na hakuna mwenye heshima zake atakayeitoa hivyo mbele ya watu.

Dumgi alikwisha kuichomeka sindano kwenye pembe ya kwanza ndipo uchungu ukamshika Karmin, kabla ya wakati. Mtoto alizaliwa kimya. Msichana mzuri, nywele nyingi, na hakupumua. Bastav akaja na kisanduku, mtoto akafungwa ndani ya kavandi ile, wakamzika ukingoni mwa makaburi ya kanisa. Na Karmin, akiwa amelala ubavu na uso ukutani, alisema neno moja ambalo Dumgi alikwenda nalo shambani na kurudi nalo, akalala nalo na kuamka nalo.

"Umemtandikia kitanda kabla hajafika, mama. Ndiyo maana amekuja kulala tu."

Hilo lilimuuma. Lakini kulikuwa na jingine ambalo Karmin hakulijua, nalo Dumgi alimwambia mtu mmoja tu, shoga yake Khatumbi wa ng'ambo ya kijito: kwamba mjukuu wake alikwenda kaburini na kavandi iliyo uchi. Kila alipokunja maua kwa kavandi ya mtu mwingine, alimkumbuka yule.

Basi sasa angefanya nini? Mtoto wa kwetu kitanda chake cha kwanza ni kavandi ya bibi mzaa mama. Nguo mpya ya dukani ni ngumu, haijui mtu. Nguo iliyochakaa inajua jasho la watu wake. Akishona, binti anaondoka, na safari hii pengine asirudi tena. Asiposhona, mjukuu anafika duniani analazwa mkekani kama mzigo ulioshushwa kwenye basi, maana kavandi ya Dumgi si kazi ya kuanza leo ukamaliza kesho. Alijikaza, akatwanga, akamenya mafenesi. Mikono ikamwasha. Siku moja alijikuta anamshonea jogoo kamba ya mguu kwa bandi nzuri zilizonyooka, akaona sasa anapata wazimu, akavuka kijito kwenda kwa Khatumbi.

Upande huu wa kijito tunakaa sisi wa kanisani, upande ule wanakaa wa msikitini, na rangi yetu ni moja, nywele zetu moja, na ugomvi wetu wa maji moja. Khatumbi alikuwa mjane mwenzake, mkunga, mnene, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabara kuu.

"Shona kwa siri," alisema Khatumbi.

"Nikashonee wapi? Juu ya mti? Karmin ana masikio ya paka. Uzi ukipita kwenye nguo anausikia."

"Basi shona waziwazi. Sema ni yangu."

"Yako, kadogo vile? Hata paja lako moja haliingii."

"Paja langu liache, lina wenyewe mbinguni. Sema ni mswala. Nina magoti mabovu na sakafu yangu baridi. Mswala wa viraka, mnene, wa bibi kizee wa kuswali. Nani atabisha?"

Dumgi alitafuna tambuu yake taratibu. Uongo ule ulikuwa mzuri kiasi cha kumtia hofu. "Na viraka? Akiona sari yangu hata moja, anajua ni ya nani."

Khatumbi alikuwa amekwisha kufungua sanduku. Zikatoka sari ya kijani iliyopauka, saruni ya marehemu mumewe yenye miraba, na blauzi ya zambarau ambayo aliinua juu na kuitazama kwa huzuni. "Hii niliivaa nilipokuwa na kiuno, shoga. Ichukue. Na katikati utie mwezi mwandamo, la sivyo ni mswala gani huo?"

"Mimi nishone mwezi! Padre atasemaje?"

"Padre anaswali kwangu? Atajuaje?"

"Na mtoto wa Kikristo aulalie?"

"Kwani kwenu nyinyi usiku hamna mwezi?" Khatumbi alimtupia zile nguo mapajani. "Nenda kashone. Ila nikija kuupenda huo mswala siurudishi, nakwambia mapema."

Akaanza kesho yake asubuhi, barazani, mbele ya macho ya watu wote. Alitandaza kipande cha sari ya kijani, akakunja pindo, akaweka kiraka cha kwanza kwenye pembe ya kushoto. Karmin alitoka ndani na bakuli la uji wa mchele, akasimama mlangoni.

"Hiyo nini?"

"Mswala wa Khatumbi."

"Watu wanaswali juu ya viraka siku hizi?"

"Muulize mwenyewe."

Na kwa kuwa Karmin si mtu wa kuachia jambo, aliuliza, kwa kupiga kelele kijitoni. "Mama Khatumbi! Mikeka imekwisha huko kwenu?"

"Magoti, mwanangu, magoti!" Sauti ilirudi kutoka ng'ambo bila kuchelewa hata kidogo. "Subiri uzeeke na wewe uone! Na mwambie mama yako asinibanie uzi!"

Karmin alikaa kwenye kizingiti, akanywa uji wake huku anaviangalia vile viraka. Saruni ya mzee wa ng'ambo, aliitambua. Blauzi ya zambarau, akaicheka. Hakukuwa na kitu cha nyumba ile hata kimoja. Akaridhika, au alionekana karidhika.

Lakini Dumgi ndiye hakuridhika. Mtoto alalie jasho la majirani tupu, wa kwao hata uzi mmoja usiwemo? Karmin alipokwenda kuoga, Dumgi alitoa shati la Bastav kutoka chini ya godoro. Lilikuwa la kahawia, laini kama ngozi ya mtu kwa kufuliwa. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa kikubwa, cheusi, cha koti la mvua. Karmin alikishona mwenyewe alipokuwa mdogo, kwa uzi mwekundu, mafundo matupu, kwa sababu hakupata kifungo kingine. Bastav alikataa katakata kisibadilishwe. Alikwenda nacho kanisani, harusini, mpaka kwa bwana shamba. "Hii ni kazi ya fundi wangu," alikuwa akiwaambia watu, hata wasiouliza.

Kila mshonaji anajua kwamba shati likiingia ndani ya kavandi linafumuliwa kwanza. Unatoa ukosi, unatoa mfuko, vifungo unaviweka kwenye kopo, na unabaki na kitambaa kitupu kisichosumbua sindano. Dumgi angemcheka msichana yeyote asiyejua hilo. Alishika wembe, akakata vifungo vyote vidogo. Alipofika kwenye kile kikubwa akauweka wembe kwenye uzi mwekundu, akauondoa. Akauweka tena. Kisha akalikunja shati zima zima, na ukosi wake, na mfuko wake, na kifungo chake, akalilaza katikati kati ya nguo ya chini na viraka vya juu. Alijua ni kosa, na alilifanya hivyo hivyo.

Kazi ikaenda, mzunguko baada ya mzunguko, kutoka ukingoni kuja ndani. Mawingu ya kwanza yalipojikusanya juu ya msitu, macho ya Dumgi yalianza kumsaliti. Alikuwa akishika uzi na sindano na kuvikosanisha, anaulamba uzi, anavikosanisha tena, huku akimtukana aliyetengeneza matundu madogo namna ile.

"Lete," alisema Karmin. Alitunga uzi mara moja. Badala ya kurudisha sindano, akaishika. "Ni ya Mama Khatumbi, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi haina ubaya. Nimechoka kukaa kama boga. Sogea."

Dumgi alisogea. Furaha na woga vilimjia pamoja, hakujua kipi kilitangulia. Mwanawe akakaa upande wa pili, tumbo kalielekeza pembeni, akaanza kupiga bandi, na bandi zile zilikuwa za Dumgi mtupu: fupi, zilizonyooka, zenye ukaidi. Mvua ikaanza kunyesha, ikawa hainyamazi. Wakashona pamoja, huyu anatoka huku, yule anatoka kule, wakizungumza juu ya wali uliounguzwa na mama mkwe wa Karmin, juu ya Lorens aliyeogopa ruba kuliko chui. Tangu siku ile mbaya hawakuwahi kucheka ndani ya nyumba hiyo moja kwa wakati mmoja.

Ila kila mzunguko ulisogea katikati. Dumgi aliliona hilo. Alijaribu kumtuma Karmin achungulie chungu jikoni, Karmin akasema chungu hakijawekwa. Alijaribu kuugeuza mswala ili upande ule umwangukie yeye. Karmin aliugeuza tena, akachoma sindano, na sindano ikasimama.

Alisukuma. Ikagoma. Pale palikuwa na mishono juu ya mishono: viraka vitatu vilikutana juu, na chini yake ukosi wa shati. Karmin aliichomoa, akasogeza kidogo, akachoma tena, na sindano ikagonga kitu kigumu. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini Dumgi aliisikia kuliko mvua.

Karmin akaweka kidole gumba juu ya pale. Akabonyeza. Akakizungusha kidole polepole, duara kubwa, la kifungo kikubwa.

Dumgi hakuinua uso. Alishona palepale alipo, sindano ikamwingia kidoleni, hakuitoa. Alingoja kusikia binti anaomba begi lake.

"Mama Khatumbi ana mambo," alisema Karmin. "Pana kigumu hapa. Nitapita pembeni yake." Na akapita pembeni, bandi fupi fupi, akikizunguka kile kigumu mpaka kikakaa kwenye kiota chake. Sauti yake haikuwa na chochote cha kushika. Dumgi alimtazama kwa jicho la pembeni mpaka shingo ikamuuma, na hakujua kama mwanawe amejua.

Walipofika tumboni, Karmin ndiye aliyeinuka, akaenda jikoni, akarudi na mchele kwenye kiganja. "Mswala nao una tumbo?" aliuliza.

"Kila kilichoshonwa kina tumbo."

Karmin akatia mchele, wakafunika na kiraka cha mwisho, kile chenye mwezi. Kikabaki kitu kimoja. Dumgi alikunja vitambaa vinne, akavikunjua. Akitia maua, amemaliza. Na kumaliza kabla ya mtoto ndiko kulikoitwa kumtandikia kitanda. Asipotia, iko uchi kama ile nyingine. Akavitia vitambaa kifuani.

"Maua atachagua Khatumbi mwenyewe," alisema, akaukunja mswala na kuuvusha kijito siku hiyo hiyo.

Khatumbi aliupokea na kuuweka chini, akaupigia magoti kujaribu. "Yalaa! Shoga, magoti yangu yameingia peponi yakaniacha mimi hapa." Alipoona uso wa Dumgi akaacha utani. "Kajua?"

"Sijui. Na siwezi kutia maua, Khatumbi. Siwezi kutia na siwezi kuacha."

"Basi kaa. Kuna kazi zinazomngoja mtu mwingine."

Uchungu ulianza asubuhi moja mvua ikiwa imetapika kila kitu. Kijito kilipanda, gari la hospitali likakwama njia panda na muuguzi ndani yake. Khatumbi alivuka kwa kamba, maji kiunoni, akilaani kila samaki aliyekutana naye, na kichwani kabeba mzigo uliofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Aliutua mlangoni, akanawa mikono kwa maji ya moto, akaingia. Dumgi alishika mgongo wa mwanawe na kusali rozari yote kwa makosa, akiruka, akirudia, akichanganya Salamu Maria na jina la Bastav.

Kulikuwa na kimya kidogo, kile kile cha siku ile. Dumgi alifumba macho. Hakuna mtu aliyewahi kuogopa kimya kama alivyokiogopa yeye pale.

Kisha mtoto akalia, na hakulia kwa adabu. Alilia kama mtu aliyeibiwa.

"Msichana!" alipaza Khatumbi. "Na ana sauti kama yangu, maskini wee! Mpeni kitu cha kulalia!"

Mkeka ulikuwa tayari, na juu yake taulo jipya la dukani alilolileta Lorens, gumu kama ubao. Karmin alikuwa hoi, nywele zimemganda usoni. Aligeuza kichwa. "Si hilo," alisema. "Mama. Lete mswala wa Mama Khatumbi."

Dumgi alibaki amesimama.

"Au unadhani sikijui kifungo changu? Tangu lini baba anakwenda msikitini?"

Khatumbi aliangua kicheko mpaka kitovu cha mtoto kikawa hatarini. Dumgi alikimbilia mlangoni, akafungua ile nailoni, akarudi na kavandi mikononi. Na hapo hapo akakaa chini.

"Haina maua, mwanangu," alisema, na machozi yakamtoka bila ruhusa. "Nilishindwa kuyatia. Iko uchi. Hata ya dada yake... yule tulimpeleka kule na kavandi iko uchi, Karmin. Kila siku namuona. Mbele ya watu wote wa kule, iko uchi."

Karmin alimtazama muda mrefu, kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ya mgeni.

"Umekuwa ukifikiri hivyo muda wote huu?"

"Ningefikiri vipi?"

"Mama, niliyatia mimi." Alivuta pumzi. "Mlipokwenda kuchota maji na baba anatengeneza kisanduku, mliniachia mtoto kidogo. Sindano yako ilikuwa bado imechomekwa pembeni. Nikararua blauzi yangu, nikakunja, nikashona yote manne. Bandi mbaya, sikuwa naona vizuri. Nikamfunga mwenyewe, pembe nikazikunjia ndani. Ndiyo maana hamkuona. Baada ya hapo nilikwambia lile neno. Sikuwa na wa kumlaumu, mama. Mungu alikuwa mbali, na wewe ulikuwa karibu."

Dumgi alifunika uso kwa ncha ya sari yake. Alilia kwa sauti, kama watoto wanavyolia, na Khatumbi akaendelea kumfuta mtoto.

"Kwenye begi langu," alisema Karmin, "kuna kikopo cha poda. Kifungue."

Ndani ya kikopo, ikiwa imechomekwa kwenye kipande cha blauzi nyekundu kilichokunjwa, kulikuwa na sindano nene. Ilikuwa na kutu kidogo. Tundu lake limepinda upande mmoja. Dumgi aliipitisha kwenye nywele zake mara mbili tatu kama alivyofundishwa na mama yake, na kutu ikapungua.

"Nilishindwa kuirudisha," alisema Karmin. "Ningeirudisha, ungeniuliza."

Walimlaza mtoto juu ya kavandi, juu ya tumbo lenye mchele na kifungo cha babu yake, juu ya ule mwezi. Alinyamaza karibu mara moja. Khatumbi alitikisa kichwa. "Mswala wangu umekwenda hivyo. Na magoti yangu mtayajibia nyinyi siku ya kiyama."

Dumgi alivitoa vile vitambaa vinne kutoka kifuani, alikokuwa akivibeba siku zote hizo. Vilikuwa vya kijani, vya sari ya Khatumbi. Aliviangalia, akaviweka pembeni.

"Yale ya dada yake," aliuliza, "yalikuwa rangi hii hii nyekundu?"

"Hiyo hiyo. Hicho ndicho kilichobaki."

Kilikuwa kidogo, lakini Dumgi hakuwahi kushindwa na kipande kidogo. Akakirarua vinne, akavikunja na kuvikunja tena. Uzi ulikataa kuingia tunduni, macho yamejaa maji, na Karmin akaunyoosha mkono kutoka pale alipolala, akautunga, akamrudishia. Dumgi akasogea karibu na mjukuu wake, akaanza na pembe ya kushoto, akishona taratibu ili asimwamshe.